Shamba Chafu

Baba alilima mara tano kwa mwaka.
Hakuwa na njaa, alikuwa na heshima:
huku nyanda za juu za Granada
shamba la milozi lisilo na unyasi hata mmoja
ni sakafu ya kanisa siku ya msiba,
na mtu hupimwa kwa weupe wa udongo wake.

Ukutani, juu ya meza ya hesabu, cheti:
KILIMO HAI, mhuri wa kijani, mwaka wa kumi na tisa.
Hatukunyunyiza sumu. Hatukununua chumvi za mifuko.
Lakini mimi, Casilda, kitindamimba,
nilichukua nondo nikaichoma ardhi kati ya mizeituni.
Ikaingia kidole kimoja, ikagoma.
Kilimo hai, nikasema,
na anayelimwa amekufa.

Septemba ile mvua ilinyesha dakika arobaini.
Shamba letu likateremka kijijini lenyewe,
likapita mbele ya baa ya Honorato.
Wanaume wakainua miguu viatu visilowe,
wakaendelea na dhumna yao.
Baba alisimama mlangoni, mwavuli mkononi haujafunguliwa,
akitazama udongo wa babu yake ukiondoka
kama mgeni asiyeaga.
Hakusema kitu. Ila mwaka huo
alilima mara sita.

Alipofariki niliiegesha plau.
Niliiegesha tu; kuiuza sikuthubutu.
Kuku wanalala juu yake.

Nikapanda shayiri na dengu mwitu katikati ya mistari,
magugu nikayaacha yajitaje yenyewe.
Remigio akaleta kondoo mia mbili na kumi
na mbwa mmoja asiyemsikiliza.
Mwaka wa kwanza walikula matawi ya chini ya mizeituni,
yote, kwa usawa wa shingo,
mpaka miti ikaonekana imepandisha sketi kuvuka mto.
Mwaka wa pili, Aprili, baridi ililala ndani ya nyasi zangu
na ilipoamka iliondoka na maua yote ya bondeni.
Kwa Fructuoso, ng'ambo ya ukuta wa mawe,
juu ya udongo mtupu, lozi zilipona.
Hilo sikuliandika kwenye barua ya benki.
Benki nayo haikuuliza habari za udongo;
iliuliza tani.

Chafu, walisema.
Walisema kwa upole,
kama unavyoambiwa una mchicha menoni.
Mama, miaka themanini na minne,
alitoka alfajiri na jembe la mkono
akaparua kulizunguka shina moja hadi likang'aa.
"Huu wa barabarani tu," akasema,
"baba yako asione aibu."
Nikamwachia mti huo.
Mpaka leo ni wake.

Husemwa udongo uwahi ungali maji.
Wangu niliuchelewa, ulishakuwa kigae,
na kigae hakifinyangwi.
Hufunikwa: maganda ya lozi,
mavi ya kondoo, matawi yaliyosagwa,
kisha unakaa, unangoja,
na kungoja ni kazi isiyotoa jasho,
ndiyo maana inachosha.

Mwaka wa tano, Oktoba, mvua ya nusu saa.
Niliteremka korongoni na tochi.
Maji yalikuja, na yalikuja na tope bado,
lakini yalikuja yamechelewa,
kama mtu aliyezuiwa njiani na mazungumzo.
Nilisimama pale mpaka betri ikaisha.

Asubuhi nikamkuta Fructuoso upande wangu wa ukuta,
magoti chini ya mlozi wa tatu,
mkono umezama hadi kifundo.
Aliponiona aliinuka, akajikung'uta,
akaitazama milima kana kwamba ndiyo iliyomleta.

"Hawa nyungunyungu," akasema,
"uliwanunua wapi?"